Waliotangulia Kufyeka Uwanja wa Namtimba

Ukitaka kupanda ndege ya Bwana Mluzi, ulisimama kwanza juu ya mizani ya Gaudens Kamugisha. Uwe tajiri uliyevuka bahari kuja kuwinda, uwe mpishi wa kambi, ulisimama palepale, ndani ya banda la mabati pembeni ya uwanja mpya wa ndege, upande wa Kiwalani, na Gaudens akasogeza kipande chake cha chuma taratibu mpaka mkono wa mizani utulie. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya injini moja, na haikuwa na mzaha. Kilichozidi kilibaki chini. Bwana alisema nani anasafiri na lini, lakini kipi kipakiwe na kipi kisubiri alijua Gaudens.

Kazi hiyo aliipenda. Wakati wa vita alikuwa kwenye stoo ya jeshi huko Burma, akigawa unga, blanketi na risasi, na alipoachiwa hakutaka tena kurudi Kamachumu, huko Bukoba, kupalilia migomba ya baba yake. Alikuja Dar es Salaam, akapata vyumba viwili Temeke, akamleta mkewe Apolonia, wakamzaa Benedicta. Majirani walimwita Karani. Alipopita asubuhi na baiskeli yake na kaptula iliyopigwa pasi, hata Masoud mwenye duka, ambaye babu yake alikuja kutoka Shihiri, Arabuni, na ambaye hakuwa mwepesi wa kumwinukia mtu, alimwinukia kumsalimu.

Bwana Mluzi alikuwa Mwingereza mrefu mwenye kampuni yake ndogo ya kuwapeleka wageni porini kuwinda. Jina lake la kwao lilikuwa kwenye kibao cha ofisi. Wafanyakazi walimwita Mluzi kwa sababu alipiga mluzi kutwa, akiwa na furaha au akiwa na hasira, wimbo uleule mmoja, mpaka ukawaingia vichwani wote.

Mwaka ule masika yalipokuwa yakiishia, Bwana Mluzi alitandaza ramani mezani akamwita Gaudens. Akamwita na Mzee Nassibu, mfuata nyayo wake, Mngindo wa kusini, mtu mfupi, mkavu, ambaye maneno yalimtoka kama mtu anayehofia kuyamaliza.

"Kuna Wamarekani wawili wanakuja, ndugu wa baba mmoja," alisema Bwana Mluzi. "Wanataka tembo. Na wanataka mahali ambapo gari halijafika. Nitawashusha kwa ndege. Nipeni mahali."

Gaudens alimtazama Nassibu. Pori si lake. Nassibu aliinama juu ya ramani, akaweka kidole kusini ya Rufiji, mahali penye weupe mtupu.

"Namtimba," alisema.

"Hapa hapana kitu."

"Palikuwa na sisi. Serikali ilituhamisha kwa ajili ya malale. Walituambia mbung'o watatumaliza, tukapangwa kando ya barabara kuu, nyumba zikachomwa nyuma yetu tukiziona." Akasogeza kidole kidogo. "Mashamba yetu yalikuwa tambarare. Sasa yameota miti, lakini miti michanga. Watu wawili wenye shoka wanaweza kupasafisha."

Bwana Mluzi alianza kupiga mluzi wake, ikajulikana amekubali.

Mpango ulikuwa huu. Nassibu na mtu mwingine mmoja watangulie. Lori liwavushe Rufiji kwa pantoni, liwashushe barabara inapokatika. Kutoka hapo wachukuzi wa kukodi wawabebee chakula na zana mpaka Namtimba, kisha warudi makwao. Punda hawawezekani, mbung'o wangewaua njiani. Wawili hao wakate miti, wang'oe visiki, wajaze mashimo, na mwezi ukiandama ndege ya kwanza ije na Gaudens, na mahema, dawa na vyakula. Baada ya hapo ndipo waletwe wageni.

"Chakula cha kubebwa kichwani hakitoshi kitu, Bwana," alisema Gaudens. "Tuwaongezee wachukuzi, wawe na akiba."

"Akiba yao ni ndege," alisema Bwana Mluzi, akakunja ramani.

Ikabaki kumpata mtu wa pili. Gaudens alimpata nyumbani kwake mwenyewe. Polikarpo, mdogo wake Apolonia, alikuwa ameshuka kutoka Bukoba kutafuta kazi bandarini, na bandari haikumtaka. Alikuwa kijana wa umri wa kuoa, mwenye mabega mapana na kicheko kilichosikika mpaka nyumba ya tatu, na kukaa bure kulikuwa kumeanza kumtia haya. Aliosha vyombo bila kuambiwa. Alimbeba Benedicta mabegani mpaka mtoto akasahau kutembea.

"Baba Benedicta," Apolonia alimwambia mumewe, "huyu mdogo wangu ataozea barazani. Nyie mna kazi kule. Mtafutie japo ya shoka."

"Ipo ya shoka," alisema Gaudens. "Lakini ni mbali, Mama Benedicta. Ni porini hasa."

Polikarpo alikuwa ameshasikia, akasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. "Shemeji, simba wapo?"

"Wapo."

"Basi mie nakwenda. Nikirudi nitakuwa na la kusimulia, siyo kila siku nyie tu mnasimulia vita."

Siku ya kuondoka, Apolonia alimfungia ndizi za kukausha na chumvi kwenye kitambaa. Pale kwenye lori Gaudens alimshika Mzee Nassibu mkono.

"Mzee wangu, huyu ni shemeji yangu. Nakukabidhi."

"Nimempokea, Karani."

"Mwezi ukiandama, mkisikia mlio, tokeni pembeni ya uwanja. Ndani ya ndege nitakuwa mimi."

Siku zikapita. Gaudens aliandaa shehena yake bandani kama kawaida: mahema, magodoro, sanduku la dawa, chumvi ya kukaushia ngozi, unga wa watu wa kambi, na vinywaji vya wageni vilivyofungwa kwa majani makavu visivunjike. Kila kitu kilipimwa. Mwezi ulikuwa karibu kuandama Bwana Mluzi alipoingia bandani bila kupiga mluzi.

"Bunduki za wale Wamarekani zimekwama forodhani Mombasa," alisema. "Wenyewe wamekwenda Unguja kupumzika mpaka zitoke. Safari imesogezwa."

"Sawa, Bwana. Na ndege ya kwanza?"

"Nikiupeleka mzigo sasa, utaliwa kabla wageni hawajafika, nami nirushe ndege tena kwa kazi ileile. Nimeikodisha ndege na rubani wake kwa watu wa katani huko Lindi wakati tunasubiri."

Gaudens aligeukia magunia ya unga. "Na wale walioko Namtimba? Unga wao utaisha, Bwana."

"Nassibu amezaliwa kule. Watu wa porini hawafi njaa. Kuna asali, kuna mizizi, kuna samaki mtoni." Akampiga begani, si kwa ubaya. "Usinifanyie kazi iwe ngumu, Gaudens."

Gaudens alirudi nyumbani akisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Apolonia alikuwa akichambua mchele.

"Mwezi umeandama," alisema Apolonia. "Mbona hujaenda?"

Kwa nini alijibu alivyojibu, mwenyewe hakujua, wala baadaye hakuweza kumweleza mtu. Labda aliona uso wa mkewe, labda aliona aibu ya kusema kwamba Karani, anayeamua kipi kipakiwe na kipi kibaki, hana sauti.

"Safari imesogezwa," alisema. "Lakini rubani alipita juu akawadondoshea chakula. Wako salama."

"Alimwona Polikarpo?"

"Alimwona. Alimpungia mkono."

Apolonia alicheka kwa furaha, akarudi kwenye ungo wake. Jioni ile alipika wali wa nazi.

Kwa muda Gaudens alijitia moyo kwamba uongo ule utageuka kweli wiki ijayo. Alimwendea tena Bwana Mluzi, akajibiwa kwamba bunduki zinatoka wakati wowote. Akaenda mara nyingine, Bwana Mluzi hakuinua uso. Alifikiria kuchukua likizo, apande lori la abiria mpaka mto, aajiri wachukuzi mwenyewe. Akafikiria nyumba, na shule ya Benedicta kwa masista, na watu wangapi walikuwa wakiitamani kazi yake. Akawa anakwenda bandani kila asubuhi, anayakuta magunia ya unga yamekaa yalivyokuwa, na panya wametoboa moja.

Ndege iliporudi kutoka Lindi kubadilishwa gurudumu, Gaudens alimfuata rubani, Mgiriki mnene mwenye macho mekundu, akamkuta amelala chini ya bawa.

"Bwana, njia ya Lindi inapita karibu na Namtimba?"

"Si mbali."

"Kesho ukirudi Lindi una nafasi?"

Mgiriki aliinuka, akaketi. Alikuwa amewasikia wafanyakazi wakinong'ona. "Nafasi ya mtu mmoja na mzigo mdogo," alisema. "Mluzi asijue. Uwanja ukiwa mbaya, sishuki. Nitapita juu tu, utupe mzigo."

Unga wa bandani ulikuwa ukifungiwa jioni, na funguo anazo Bwana Mluzi. Gaudens alikwenda kwa Masoud jioni ile, akamkuta akifunga milango ya duka.

"Nataka unga, na tende, na kitu cha kufungia vidonda kama unacho."

"Safari tena, Karani?"

Gaudens alitaka kusema uongo mwingine, ukamshinda. Alimweleza Masoud yote, amesimama katikati ya duka, kofia mkononi. Masoud alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia ndani mwenyewe, akatoa gunia la unga, kikapu cha tende, chupa ya dawa ya vidonda na kipande cha kitambaa cha marekani, safi.

"Usinilipe," alisema. "Nitachukua wapi uso wa kupokea malipo ya hiki? Nenda."

Asubuhi waliruka. Gaudens alikuwa amewapandisha ndege mamia ya watu, lakini mwenyewe aliogopa kuruka, na kwa kawaida alifumba macho. Leo hakufumba. Chini aliiona Rufiji, imejipinda, kahawia, kisha miti isiyokwisha. Mgiriki aliinamisha ndege upande, akanyoosha kidole.

Uwanja ulikuwa tayari. Ukanda mrefu, mwekundu, umenyooka katikati ya miti kama uliochorwa, kisiki hakuna, shimo hakuna, matawi yaliyokatwa yamepangwa pande zote mbili. Gaudens hakupata kuona uwanja wa porini uliofyekwa vizuri hivyo. Hapakuwa na mtu juu yake.

Walizunguka. Mara ya pili akatokea mtu mmoja kutoka kwenye miti, akasimama pembeni ya uwanja kama alivyoagizwa, mikono imening'inia.

"Mmoja," alisema Mgiriki.

"Mwingine amelala labda," alisema Gaudens.

Ndege ilishuka bila hata kuruka ruka. Gaudens alifungua mlango kabla panga la injini halijasimama, akakimbia. Mzee Nassibu alikuwa mifupa. Shingo yake ilikuwa imebaki mishipa mitupu, na nguo yake ilimzunguka mara mbili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Karani." Sauti ilikuwa ndogo. "Umekuja."

"Polikarpo yuko wapi?"

Nassibu aligeuka akatangulia, naye Gaudens akamfuata mpaka mwisho wa uwanja, mahali palipokuwa na vifusi vya nyumba za udongo zilizoliwa na mvua. Hapo palikuwa na makaburi ya zamani, mawe tu yaliyozama ardhini, na pembeni yake kaburi moja jipya lililofunikwa magogo mazito na miiba.

"Fisi," alisema Nassibu, akionyesha miiba.

Wakakaa chini, na Nassibu akamsimulia, akipumzika kila baada ya maneno machache. Wachukuzi walipokwisha kurudi, wao wawili walifanya kazi vizuri. Polikarpo aliimba kutwa nzima kwa lugha ya kwao. Wakati uwanja umebaki kidogo kwisha, shoka liliteleza kwenye kisiki kikavu, likampiga mguuni, chini ya goti. Halikukata mfupa. Walifunga kwa kitambaa, wakacheka, wakasema mwezi karibu unaandama, ndege ina sanduku la dawa.

"Mwezi ukaandama," alisema Nassibu. "Tukakaa pembeni ya uwanja, kama ulivyosema. Jua likachwa. Kesho yake tukakaa tena. Mguu ukavimba mpaka ukawa unang'aa. Ukaanza kunuka."

"Kwa nini hukwenda kutafuta watu, mzee?"

"Watu gani? Walishahamishwa wote. Mpaka kwenye barabara ni mwendo wa siku, na kurudi vilevile. Kutembea hawezi, kumbeba siwezi. Nikimwacha, usiku mmoja tu simba wanamaliza. Na kila siku nilisema, ndege itakuja leo. Nikiondoka asubuhi, ndege ikija mchana, nani atawaonyesha mgonjwa?"

Unga uliisha. Alichimba mizizi, alivua kambare mpaka kijito kikakauka. Polikarpo alikuwa hawezi kumeza ila mchuzi. Nassibu hakuwa na bunduki, kwa kuwa watu kama yeye hawakuruhusiwa bunduki ila ile ya bwana wanayembebea. Akachukua waya uliofungia shoka na majembe, akatega. Swala mmoja akanasa. Polikarpo alikunywa mchuzi wake, akapata nguvu kidogo, wakadhani amepona.

"Ndege za juu zilikuwa zikipita, za kwenda Lindi. Alikuwa akivua shati anapunga, amelala vilevile chali. Aliniambia, hii ni ya shemeji. Mie nikamwambia, ndiyo, ni yake."

Gaudens aliinamisha kichwa katikati ya magoti.

"Alinifundisha maneno ya dini yenu," alisema Nassibu. "Alijua haponi. Akasema akifa nimsomee, maana hapa hayupo mwingine. Nimesoma, Karani. Nimesoma nilivyoweza. Mie Mwislamu, sijui kama yamefika."

Mgiriki alikuja na gunia begani, akalitua, akaona kaburi, akavua kofia.

Gaudens alimsihi Nassibu apande ndege. Nassibu alikataa. Alisema tayari ana unga, na fisi bado wanarudi kunusa, na zaidi ya hayo yuko kwao. Ni miaka mingi hajalala kwao. Ndege ikaondoka, na Gaudens alimwona akiwa amesimama palepale, anazidi kuwa mdogo, akila tende.

Temeke, siku ileile, Apolonia alikwenda bombani kuchota maji akamkuta Bahiya, mke wa Masoud. Bahiya hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alimshika mkono akasema, "Dada Apolonia, nimemwombea mdogo wako. Masikini, kumbe siku zote hizi hawajapelekewa hata kibaba cha unga! Lakini Karani ameruka leo, Mungu atajaalia."

Basi Gaudens aliporudi kesho yake kutoka Lindi, alimkuta mkewe ameketi kizingitini, ndoo tupu pembeni yake. Hakumuuliza juu ya uongo.

"Yu hai?" aliuliza.

Gaudens alitikisa kichwa.

Apolonia hakulia pale. Alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango, na kilio kilipotoka majirani wote wa mtaa ule walikimbilia, Wakristo kwa Waislamu. Masoud alifunga duka. Matanga yalikaliwa bila maiti, bila kaburi la kwenda kumwaga udongo, na watu wa Bukoba waliokuja walimpa Gaudens mkono wa pole kama mfiwa. Apolonia alikuwa akiiangalia mikono ile.

Bwana Mluzi aliposikia, alimwita Gaudens ofisini. "Pole sana," alisema. "Hili ni jambo baya. Tutampa mkewe kitu."

"Hakuwa na mke," alisema Gaudens.

Na wiki ileile bunduki zikatoka Mombasa.

Gaudens hakutaka kwenda Namtimba na wageni. Apolonia ndiye aliyemwambia aende. Tangu matanga alikuwa hasemi naye ila ya lazima, na hilo aliliona la lazima. Fundi seremala wa jirani alichonga msalaba wa mninga, mfupi, kwa sababu ya nafasi kwenye ndege. Apolonia aliuvingirisha kwa kanga yake.

"Kauweke," alisema. "Na uwaambie wale wasipige kambi juu yake."

Wale Wamarekani hawakuwa watu wabaya. Walishuka wakasifu uwanja. Mmoja aliona msalaba ukisimikwa akauliza ni wa nani. Bwana Mluzi akamjibu kwa Kiingereza, haraka haraka, kwamba ni kibarua aliyekufa kwa homa, na yule mgeni akavua kofia kwa adabu, kisha akaenda kuangalia bunduki yake. Hema la vinywaji lilisimamishwa mahali alipokuwa akilala Polikarpo.

Kwa sheria ya wakati ule, kambi kama ile ilifuatana na askari wa wanyama, wa kuangalia kwamba kila kinachouawa kiko kwenye leseni. Askari huyo, mtu wa makini aliyevaa soksi ndefu, alizunguka kambi siku ya kwanza akakikuta kibanda cha Nassibu. Ndani mlikuwa na ngozi ya swala, kavu, na waya uliokunjwa.

"Ngozi hii ya nani?"

"Ni ya kulalia mgonjwa," alisema Nassibu.

"Swala alimuua nani?"

"Mimi. Kwa huo waya."

Gaudens alikimbilia kuwaamulia. Alieleza habari yote, alieleza mara mbili. Askari alimsikiliza, naye uso ulikuwa umemwingia huzuni, lakini alisema yeye ni mtumwa wa kazi, na mtego ni mtego. Bwana mwenye kambi akitoa maelezo yake, huenda wakubwa wakasamehe. Wote watatu wakamgeukia Bwana Mluzi, aliyekuwa amesimama na kikombe cha chai.

Bwana Mluzi aliwatazama wageni wake, waliokuwa wakijaribu darubini. Leseni yake ilikuwa inakaribia kufanywa upya, na kila mtu bandani alilijua hilo. Kusema kwamba watu wake walitega kwa sababu yeye aliwaacha bila chakula, hilo lingeandikwa mahali.

"Sijui lolote juu ya mtego," alisema. "Sikumwagiza."

Mzee Nassibu alimfuatia mtu yule nyayo za wanyama kwa miaka, akamtangulia kwenye nyasi ndefu mbele ya nyati na chui. Alinyoosha mikono afungwe.

Siku ya pili yake waliua tembo wa kwanza. Gaudens aliyaona meno yakipakiwa, marefu kuliko yeye mwenyewe. Hayo yalikuwa kwenye leseni.

Kesi ilisikilizwa bomani, mbele ya Bwana Shauri mmoja, ofisa mwamuzi wa wilaya, kijana aliyekuwa na mafua. Gaudens alikwenda kutoa ushahidi bila kuruhusiwa na tajiri wake, naye alijua maana yake. Alisimama akasema kila kitu: mpango ulivyokuwa, mwezi ulivyoandama, alivyoomba na alivyojibiwa. Akasema pia, bila kuulizwa, kwamba yeye mwenyewe alinyamaza alipotakiwa kupiga kelele, na kwamba nyumbani alisema uongo. Bwana Shauri alimwambia ajibu alichoulizwa tu. Kisha akampa Nassibu kifungo cha miezi sita na kazi ngumu, akasema amempunguzia kwa kuzingatia umri wake.

Gaudens aliporudi Kiwalani, alimkuta mtu mwingine kwenye mizani.

Hakupata tena kazi ya ukarani. Kila alikokwenda waliuliza barua ya tajiri wake wa zamani. Mwisho alipata kibarua cha kupakua nazi Mbagala, na baiskeli ikauzwa, na Benedicta akatolewa kwa masista akapelekwa shule ya karibu. Apolonia alianza kukaanga vitumbua asubuhi. Walilala chumba kimoja, walikula sahani moja, lakini Apolonia aliacha kumwita Baba Benedicta. Akitaka kumwita alisema tu "wewe." Gaudens aliona ni haki yake, hakulalamika.

Mzee Nassibu alifunguliwa kabla masika hayajarudi. Alikuja moja kwa moja Temeke, kwa miguu kutoka kituo cha malori, na jela ilikuwa imemwachia kikohozi. Apolonia alimpokea mlangoni, akapiga magoti kumpa shikamoo kama anavyopewa baba, akamwosha miguu mwenyewe. Gaudens alirudi kutoka Mbagala akawakuta wamekaa, na Nassibu alikuwa akimsimulia yote tangu mwanzo: nyimbo, shoka, mguu, shati lililopungwa. Apolonia hakumkatiza hata mara moja. Mzee alipomaliza, alimwomba ayarudie yale maneno ya sala.

Nassibu aliyasema. Mengine yalikuwa yamepinda, mengine yalikuwa ya Kihaya ambayo mwenyewe hakuyaelewa. Apolonia alifunika uso kwa upande wa kanga.

"Yamefika, baba," alisema.

Siku chache baadaye alimwambia Gaudens kwamba anakwenda Bukoba na Mzee Nassibu. Mama yake alikuwa bado hajaambiwa ila kwa barua ya kusomewa, naye alikuwa akiwatuma watu kuuliza.

"Nitakuja na mimi," alisema Gaudens. "Ni wajibu wangu kusimama mbele ya mama."

"Utamwambia nini?" Apolonia hakusema kwa ukali. "Mama atataka kumwona mtu aliyekuwepo. Wewe baki na mtoto."

Aliwasindikiza stesheni. Garimoshi la Mwanza lilikuwa limejaa, na Nassibu, ambaye hakupata kupanda garimoshi maisha yake yote, alipewa nafasi ya dirishani. Apolonia alimbusu Benedicta, akamrekebisha kola. Kisha akamtazama mumewe kidogo, kama mtu anayetaka kukumbuka alikuja na nini.

"Vitumbua vya kesho, unga nimeuloweka," alisema. "Usiuache uchachuke sana."

Garimoshi likaondoka. Gaudens alimshika binti yake mkono wakarudi Temeke kwa miguu. Apolonia alikaa kwao msimu mzima wa kahawa. Alirudi, kwa sababu alikuwa na mtoto, na kwa sababu nyumba ilikuwa yake pia. Mzee Nassibu hakurudi naye. Kifua kilimzidi huko, akazikwa kando ya migomba ya watu ambao hakuwajua kabla ya mwaka ule, na mama yake Polikarpo ndiye aliyemfungia sanda.